Moyo Uliohama Upande

"Mwaka huu sinaswi," Dokta Genoveva Tenesaca alimwambia mama yake asubuhi ya tarehe ishirini na nane Desemba, akatia sukari kwenye kahawa, akanywa, akatema. Ilikuwa chumvi. Mama yake, bibi wa miaka themanini mwenye haya kidogo sana, alicheka hadi akashikilia meza.

"Umenaswa, mtakatifu wangu!"

Siku hiyo ni ya Watoto Wasio na Hatia. Ndani ya kanisa padre huwakumbuka kwa huzuni wale wachanga waliouawa na Herode. Nje ya kanisa mji mzima wa Cuenca huwakumbuka kwa uongo. Utauziwa empanada, ile sambusa yao, iliyojazwa pamba, utapigiwa simu kwamba gari lako linaburutwa, na ukiamini, umeliwa, na utaitwa mtakatifu kama wale wachanga. Huna pa kushtaki, maana hata polisi wamo.

Genoveva alisuuza mdomo, akavaa ndala zake za manyoya, akaenda kazini. Kazini penyewe palikuwa chumba cha pili kutoka jikoni. Yeye ni daktari wa kusoma picha, na picha humfuata nyumbani kwa njia ya mtandao kutoka hospitali tano za milimani ambazo hazina msomaji wao, wala hazitampata hivi karibuni, kwa kuwa wasomaji ni wachache na wote wanataka kuishi mji mkuu, Quito. Tangu Krismasi foleni ya picha ilikuwa imemfika shingoni. Wakubwa wake, badala ya kumletea mwenzake, walimletea programu ya kompyuta inayosoma picha kabla yake na kumnong'oneza majibu. Waliisifu kwamba haichoki. Genoveva aliibatiza Bwana Mdogo, na kila ilipokosea alifurahi furaha isiyomfaa mtu wa umri wake. Wiki iliyopita ilikuwa imeona kifungo cha sidiria ikakiita ugonjwa wa mapafu, na alishinda akitabasamu mchana kutwa.

Lakini siku hiyo aliyemkosesha raha hakuwa Bwana Mdogo. Alikuwa Klever Guamán, mpiga eksrei wa hospitali ya Pucarhuayco, saa tatu kutoka Cuenca kwa barabara ya ukungu na kona. Mwaka jana, tarehe hii hii, Klever alimtumia eksrei ya mtu mwenye moyo kulia, ini kushoto, kila kitu kimehamia upande wa jirani. Watu wa namna hiyo wapo, ila daktari anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Genoveva aliruka kwa furaha, akaandika ripoti ndefu, akampigia hadi daktari wa upasuaji wa kule, Hernán Astudillo, kumwambia amtunze mgonjwa huyo kama yai. Kumbe mgonjwa alikuwa Klever mwenyewe, ameigeuza picha yake kwa kubofya mara moja, na ile herufi ya kuonyesha upande wa kulia akaipachika upya alikopenda yeye. Hospitali nzima ilimpigia Genoveva simu kumwimbia kwamba amenaswa. Astudillo aliimba sauti ya pili.

Basi saa nne ilipoingia picha kutoka Pucarhuayco yenye moyo kulia na ini kushoto, Genoveva hakuruka. Alicheka peke yake.

"Klever, Klever. Mzaha mmoja mara mbili? Umefilisika."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mgonjwa aliandikwa Zoila Quizhpi, miaka hamsini na mmoja, maumivu ya tumbo chini upande wa kushoto, na homa. Hata jina lilimchekesha, jinsi lilivyochaguliwa lifanane na la kweli. Chini yake Bwana Mdogo alikuwa amekwisha kuandika: "Picha imegeuzwa kimakosa. Imerekebishwa. Hakuna tatizo." Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, wawili hao walikubaliana, na badala ya kumtia wasiwasi, jambo hilo lilimpendeza. Akaandika "kawaida", akatia sahihi, akaituma. Kisha akamwandikia Klever: "Sinaswi mara mbili, mtakatifu. Mwambie Astudillo leo aimbe peke yake."

Simu ikaita kabla hajafungua picha nyingine.

"Dokta, umesoma nini?" Klever alikuwa anahema. "Yule mama ni wa kweli!"

"Na mimi ni Majusi wa nne."

"Naapa kwa mama yangu!"

"Mwaka jana uliapa kwa mama huyo huyo. Bado mzima?"

"Mzima, dokta, anakusalimu, lakini nisikilize! Dokta Astudillo alikuwa anangoja ripoti yako tu. Sasa anasema maumivu ni ya kushoto, picha ni safi, basi ni nyama ya nguruwe ya Krismasi, mama apewe chai ya oregano aende zake. Mimi nikimwambia moyo uko kulia, ananicheka. Na kwao ni juu kabisa, hata farasi analalamika. Akipanda huko na homa ile, harudi."

"Siku hizi unaigiza vizuri. Umejiunga na kikundi?"

"Nikuwashie video umwone?"

"Simu yako hugeuza sura kama kioo. Unadhani nimezaliwa jana?"

Klever aliguna kwa kukata tamaa. Kukawa na kishindo kidogo, simu ikabadili mkono, na sauti nzito ya mwanamke ikaja, ikitoka kwa shida.

"Wewe ndiye dokta wa kwenye kompyuta?"

"Ndiye mimi, mama. Na wewe ni nani, shangazi yake Klever?"

"Undugu na huyu mwehu? Mungu apishe mbali. Mimi ni Zoila, nauza mahindi ya kuchemsha pale sokoni. Tumbo linanikata tangu juzi, na hapa nasikia mnabishania moyo wangu."

"Uko wapi huo moyo, mama?" Genoveva aliuliza kwa kejeli, akisubiri wapasuke kwa kicheko.

"Hapa kulia, uwe wapi tena? Shuleni tukiimba wimbo wa taifa mwalimu alinichapa kila Jumatatu. 'Zoila, mkono kwenye moyo, siyo huko, mjinga wewe!' Nikauweka alikotaka yeye. Ila huko hakuna kinachodunda, dokta. Mpaka leo naweka tu, kwa heshima."

Genoveva alingoja. Kicheko hakikuja. Watu wa mizaha hawana subira, wangekuwa wamekwisha kupiga kelele. Huyu alikuwa anapumua kwa maumivu, akingoja ajibiwe. Na moyo mtu anaweza kuubuni, lakini nani angeibuni ile "kwa heshima"?

Kama moyo wa mama huyu uko kulia kweli, basi kidole tumbo chake kiko kushoto, pale pale panapomuuma, na huenda kilikuwa kinakaribia kupasuka huku ripoti yenye sahihi ya Genoveva Tenesaca ikisema kawaida. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, na safari hii usaha ulikuwa wa kweli.

"Mama, usiondoke hapo," alisema. "Hata wakikuvuta."

Akaifungua picha upya na kuurudisha moyo wa Zoila kulia. Bwana Mdogo akaupeleka kushoto. Akaurudisha, ukapelekwa tena, kwa adabu, na ujumbe kwamba picha imerekebishwa. Genoveva aliitukana programu ile matusi ambayo mama yake, kule jikoni, alikuwa hajayasikia tangu afiwe na mumewe. Kisha akampigia Astudillo.

"Genoveva!" Astudillo alipokea kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. "Ngoja nikae vizuri. Haya, nidanganye."

"Hernán, usimruhusu yule mama. Moyo wake uko kulia. Ni kidole tumbo."

Astudillo alitoa kicheko kikavu. "Asubuhi nimeuma empanada ya pamba. Baada ya hapo wauguzi wameniletea mjamzito, mwanamume mwenye ndevu. Sasa wewe, tena na mzaha wa mwaka jana, hata aibu hamna! Ripoti yako ninayo mkononi. Kawaida. Sahihi yako hii hapa."

"Nimekosea."

"Mmepanga na Klever. Huyo hapo mlangoni, kainua simu ananirekodi, na wauguzi wamejaa nyuma yake. Nikiinama kumsikiliza mama wa watu moyo upande wa kulia, jioni mkoa mzima wa Azuay unanitazama. Siku njema, mtakatifu."

"Usikate!"

Hakukata, labda kwa sababu alikuwa hajawahi kumsikia akipiga kelele. Genoveva alikuwa na vitisho kadhaa tayari ulimini, vya sheria na vya wizara, lakini alijua vyote vingesikika kama sehemu ya mchezo. Alibakiwa na kitu kimoja tu ambacho mtu hakitumii kwa mzaha.

"Hernán, sikukosea kwa kutojua. Picha niliiona, ilikuwa sahihi kabisa, nikaiacha igeuzwe kwa kuwa niliogopa mtanicheka tena. Basi, hakuna sababu nyingine. Programu ikasema ndiyo, nami nikaishika mkono kama vile tumesoma darasa moja. Nimekaribia kumuua mtu ili nisichekwe. Hilo ndilo kosa langu, na nitaliandika kwa jina langu leo hii. Lako utaliandika vipi?"

Genoveva alisikia kiti kikisukumwa, hatua, pazia likivutwa. Alisikia vicheko vya chinichini vikimfuata, na mtu akiwanyamazisha wenzake ili asiharibu mambo.

"Mikono yako baridi, dokta," Zoila alilalamika.

Astudillo alianza kushoto, bila shaka. Hakuna daktari ambaye angeanza kwingine. Alikaa hapo muda mrefu. Muuguzi mmoja akaanza, "Umenas..." na neno likamfia mdomoni. Genoveva, aliyeketi na ndala zake mbali huko ng'ambo ya milima, alijua stetoskopu imefika upande wa pili kwa jinsi watu walivyoacha kucheka, mmoja baada ya mwingine.

"Klever," Astudillo alisema hatimaye, polepole. "Futa hiyo video. Kisha mwite mtu wa nusukaputi, mbio. Na atakayetamka neno mtakatifu, nitampasua yeye kwanza." Halafu sauti ikasogea karibu na simu, na haikuwa na mzaha hata chembe. "Genoveva, bado upo?"

"Nipo."

"Nakata kushoto, siyo?"

"Kushoto, Hernán."

Magurudumu ya kitanda yakaanza kukwaruza sakafu. Genoveva aliishika simu kwa mikono miwili na kusikiliza hadi mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, na hata baada ya hapo hakuiweka. Picha zilizidi kuingia kutoka milimani, naye hakuzigusa. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwa ameogopa tangu siku za uanafunzi, na aliona haya mbele ya mwanamke ambaye hakuwahi hata kumwona uso.

Ilikuwa imepita saa sita mchana Klever alipoichukua simu ya Astudillo.

"Dokta. Kimetoka kizima. Kilikuwa kimevimba kama soseji, lakini hakikupasuka. Mama yuko salama."

Genoveva alifumba macho.

"Klever, leo ni tarehe ngapi?"

"Najua ni tarehe ngapi, dokta." Sauti ya kijana ilikatika, akahitaji kukohoa. "Kimetoka kizima."

Na Genoveva, aliyeapa asubuhi kwamba mwaka huu hanaswi, akaamini, akalia.