Ukifika Kilosa Unahama

...na mjukuu wangu huyu, simu kainyoosha kwangu kama anayenipa kikombe cha uji, bibi, Vitalis yuko hewani, emsii anapanga ratiba, harusini Jumamosi tukuandike au tusikuandike, na Vitalis ndiye bwana harusi mwenyewe, mchumba wake huyuhuyu mjukuu, ndiye aliyeninunulia nyuzi mpya za fidla Morogoro, sasa nimwambie vipi kwamba siku nne nakwaruza na hakitoki kitu, ngoja, Lightness, ngoja mama, nisugue kwanza, na ninasugua, kipande cha ubani juu ya katani ya upinde, shuu, shuu, maharage yanatokota, jirani yangu Ziada kakaa kwenye kigoda anacheka mpaka kanga inamdondoka, mafuta ya nazi, Verdiana, upinde wa fidla umeupaka mafuta ya nazi, kwani hiyo ni kamba ya kufungia mbuzi... haya, cheka, nywele za upinde zililiwa na mende zamani, mjini nyuzi zipo nywele hakuna, nikaenda nikakata jani la mkonge, nikaparua, nikaanika, nikachana uzi kwa uzi mpaka ikawa nyeupe kama mvi zangu, na katani ukishaichana unaipaka mafuta isikatike, nani aliyekulia kwenye mkonge wa Kimamba asiyejua hilo, kamba kavu ni kamba ya mvivu, basi nikapaka, nikaweka upinde kwenye nyuzi, nikavuta, kimya, ukateleza kama kambare, nikavuta tena, kimya, nikajua ni mkono, mkono umekufa, miaka arobaini na sita ya mpini wa jembe, wewe bibi kizee ulidhani utakungoja... siku nne nimeulilia mkono usio na kosa, juzi sikula, Lightness akasema ni malaria, mpaka asubuhi hii Ziada kaja kuomba moto, kauona upinde, kaunusa, ah, shoga, marehemu babu yangu kule Msowero alikuwa mpiga zeze, upinde hautaki kuteleza, unataka kung'ang'ania, akakimbia kwake akarudi na ubani uliobaki kwenye maulidi, umefungwa kwenye kipande cha gazeti, na harufu yake sasa imejaa jikoni, kama msibani, kama sikukuu, bibi, salio linaisha, ngoja... maana nikisema niandikeni halafu Jumamosi nikavuta upepo mbele ya wakwe, watasema nini, nitamsikia mama mkwe wangu akicheka huko kaburini Zombo, mwanangu nilimtafutia mke, sikumtafutia bendi, ndivyo alivyonipokea, wiki ya kwanza, nikaifunga fidla kwenye gunia nikaipandisha darini, na mwanamke huyohuyo, kila masika, mvua ikianza kupiga bati, Verdiana, lile dubwana lako halivujiwi huko juu, nenda kaangalie, mtu wa ajabu yule, Mungu amrehemu... na baba yangu je, Valentino mchukuzi wa stesheni, aliyeachiwa fidla na Mgiriki wa shamba la mkonge akirudi kwao, kwa sababu haikuingia sandukuni, kusoma hajui, mimi sijui, akanifundisha kwa vituo vya treni, uzi mtupu, bila kidole, ni Mkata, kidole cha shahada Kimamba, cha kati Kilosa, cha pete Munisagara, na hiki cha mwisho, kidogo, kinyooshe, Kidete, usiruke kituo, Verdi, utamwacha abiria analia na kuku wake, na Mikumi je, baba, Mikumi iko wapi, nina miaka kumi, reli ya Mikumi bado mpya watu wanakwenda kuitazama tu, akacheka, Mikumi ni tawi, mama, hufiki kwa kwenda mbele, ukifika Kilosa unahama, unauacha uzi huu unakamata ule, polepole, usibabaike, na tawi hilo sikuliweza hata siku moja, kila nikihama upinde unagonga nyuzi mbili, mbwa wa stesheni wanabweka, baba anafumba macho, kesho, anasema, kesho tutafika, nikakua, kesho ikaja akafa, nami nikaolewa... bibi jamani, tukuandike, ngoja nimesema, fidla iko begani, kidevu kimeona pahali pake pa zamani, nashusha upinde, navuta... krrr... imeitika, sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa, Mkata, vuta tena, Mkata, kanga ya Ziada iko chini hajaiokota, Kimamba, kidole kigumu lakini kinajua njia, Kilosa, Munisagara, Kidete hii hapa, kidole kidogo kimefika, kinauma, kimefika, narudi, Kilosa, na hapa ndipo, hapa baba alipokuwa anafumba macho, sasa kiwiko kinainuka chenyewe, sikukiambia, kinainuka kidogo tu, kama ninavyouinua ungo pumba zitoke mchele ubaki, miaka arobaini na sita napepeta, kumbe nilikuwa najifunza, kumbe ungo ulikuwa unanifundisha kuhama, na uzi ule mwingine unalia peke yake, mmoja, safi, hakuna mbwa, haloo, anasema Vitalis ndani ya simu, haloo, mmewasha redio, redio ya nani, Ziada anapiga kelele, huyo ni bibi mkweo, mshenzi wewe, na Lightness bado kanyoosha mkono, tukuandike bibi, anauliza kwa midomo tu, maharage bado magumu, moto uleule, asubiri, baba fumbua macho, mimi nimeshafika Mikumi.