Mita Isiyojua Sabato

Jua la Ijumaa lilikuwa limekwisha kuinamia ziwa pale Pasiansi, na Masalu bado alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki yake, kiti kimefunguliwa, nyaya zinaning'inia. Nyumbani kwake Sabato huingia jua linapozama, na likishazama hakuna anayeshika spana. Mkewe, Dorcas, alichungulia tena mlangoni.

"Baba Queen, jua hilo."

"Naliona."

Kilichomharakisha ni mguu. Tangu avunjike kifundo, hawezi kupiga kiki wala kukimbia akiisukuma pikipiki. Iwake kwa stata au isiwake. Na betri ilikuwa imezeeka: leo inaitika, kesho inatoa "tk" na kunyamaza, naye aanze kuomba watu msaada mbele ya abiria. Juzi ilimnyamazia mbele ya Bernadetta, mkunga ambaye Masalu humpeleka kazini Usagara. Abiria wengine huja kama mvua. Bernadetta alikuwa ugali wa kila siku. Mama yule hakufoka. Alisema tu, "Masalu, watoto hawanisubiri. Jumapili ikigoma, natafuta mwingine."

Ndipo Masalu akanunua mita ndogo ya kupimia umeme wa betri, yenye tundu la kuchajia simu, aifunge kwenye usukani imwonye kabla betri haijamwaibisha.

Chenge, dereva mwenzake wa kijiweni, alikuwa amechuchumaa karibu akitafuna muwa. "Huo mwekundu unaupeleka wapi?"

"Kwenye betri, moja kwa moja."

"Upitishe kwenye swichi, mzee baba. Ukizima ufunguo, nayo izime."

"Ikizima nitaionaje? Nataka kuiona muda wote."

"Kwani unafunga mita au unaajiri mlinzi?"

"Mlinzi."

"Haya." Chenge alitema kapi la muwa. "Mlinzi naye hula."

Masalu hakumsikiliza. Kuutafuta waya wa swichi kulitaka kufungua taa kubwa, na jua lilikuwa limekwisha kugusa maji. Akafunga mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, akazungusha tepu. Namba nyekundu zikawaka: volti 12.4. Ndani, Dorcas alikuwa ameanza wimbo wa kuipokea Sabato.

Kesho yake hakuigusa pikipiki. Lakini kuangalia, alijiambia, si kazi. Aliangalia kabla ya ibada, akaangalia baada ya ibada. Wakati wa sala ya chakula alifumbua jicho moja, akaitazama kupitia dirishani. 12.1. Namba ilikuwa ikishuka polepole, kama maji kwenye mtungi wenye ufa.

"Hicho kidude umekiangalia leo kuliko ulivyoniangalia mimi tangu unioe," alisema Dorcas.

"Betri inakufa, mama."

"Basi iache ife kwa amani. Leo Sabato."

Jua lilipozama alisimama mbele ya pikipiki, kidole juu ya stata. 11.9. Akaogopa kwamba kuijaribu kungeimaliza. Akasema aiache ipumzike mpaka asubuhi. Akalala akigeukageuka kama samaki kwenye kikaango.

Asubuhi Bernadetta alikuja mwenyewe uwanjani kwa Masalu, mkoba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twende."

Masalu alibonyeza. Tk. Akabonyeza tena. Namba zilififia, zikarudi. Akaunyanyua mguu mbovu kuelekea kiki.

"Ushushe huo mguu!" Bernadetta alimvisha mkoba wake shingoni. "Panda, weka gia. Kila siku nawaambia wanaojifungua wasukume. Leo zamu yangu."

Alisukuma kweli, viatu vyeupe vikitimua vumbi, hadi injini ikakohoa na kuwaka.

Usagara, mbele ya zahanati, Masalu alichomoa ufunguo. Bernadetta akainama usukanini.

"Umezima?"

"Nimezima, mama."

"Mbona hii inawaka?"

"Hiyo haizimwi. Inaniangalizia betri."

"Jana kutwa iliwaka?"

"Na usiku."

"Inakula nini?"

Maneno ya Chenge yalimrudia Masalu akilini: mlinzi naye hula.

"Mgonjwa ukimpima usiku kucha hatalala," alisema Bernadetta. "Saa nane natoka. Ikiwaka yenyewe, tutaendelea. Isipowaka, tuagane kwa wema."

Masalu alifungua taa kubwa kwa bisibisi, akautafuta waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, akauhamishia ule mwekundu. Alipozima, mita ikawa giza. Moyo wake nao ukazama. Betri, iliyochajiwa na injini njiani, sasa ilikuwa na ngapi? Aliutia ufunguo mfukoni, akautoa, akaurudisha. Alikwenda kununua karanga akazisahau mkononi. Mara moja aliufikisha hadi kwenye swichi, akasimama hapo, jasho likimtoka. "Bwana," alinong'ona, "nisaidie nisiangalie." Akaenda kukaa upande wa pili wa ukuta, asikoweza kuiona.

Saa nane Bernadetta alitoka, macho mekundu kwa kazi. "Mapacha," alisema. "Haya."

Masalu alipanda. Akawasha ufunguo, akabonyeza stata. Injini ikaunguruma mara moja, bila "tk", bila kukohoa. Bernadetta alipanda nyuma, akampiga bega.

"Jumanne, saa ile ile."

Walikuwa wameshaingia lami ndipo Masalu alipokumbuka kwamba hakuisoma namba.