Rangi ya Chungwa Kutoka Ghorofa ya Nne

Saa nne asubuhi fundi umeme alikuwa dukani, kiwiko juu ya kaunta, akilinganisha kontrola mbili za taa zinazobadilika rangi. Ya kwanza hugeuza taa zote kwa pamoja, basi. Ya pili huamrisha kila taa peke yake kupitia waya wa tatu, mwembamba. Alichukua zote mbili. Tajiri alitaka jengo lake jipya liwe la buluu siku ya ufunguzi, na dada huyu hakuwa fundi wa kubabaisha.

Alifunga taa kuanzia paani hadi chini, akatanguliza kontrola ile ya pili. Jioni ya ufunguzi akawasha. Jengo likawa buluu tupu, isipokuwa taa moja ya rangi ya chungwa iliyotokea ghorofa ya nne, ikashuka taa kwa taa, mbiombio, ikafifia karibu na lango. Ilikuwa rangi ya ovaroli ya mdogo wake, saidia fundi, aliyeanguka kutoka ghorofa hiyo hiyo wakati wa ujenzi na kufa palepale. Langoni kulikuwa na kibao: KAZI IMEKAMILIKA BILA AJALI.

"Badilisha kontrola," tajiri alisema.

Akafunga ile ya kwanza, isiyojua kuamrisha taa moja. Mdogo wake akashuka vilevile. Akachomoa umeme. Mdogo wake akashuka, hafifu kidogo.

"Basi kata huo mstari wa taa."

"Huu sikati, bosi."

"Fundi, usiniletee balaa. Hapa hakuanguka mtu."

"Sasa huyu anayeshuka ni nani?"

Tajiri akatazama saa. Wageni walishaanza kupiga picha na kusifu ubunifu wake, akaona bora taa ziachwe.

Fundi aliona haya. Umeme alikuwa ameulisha juu tu, na mstari mrefu ukilishwa upande mmoja huishiwa nguvu mwishoni. Kwa kosa lake, mdogo wake alikuwa akififia kabla hajafika chini.

Kesho yake alirudi bila kuitwa, na waya mnene, akalisha umeme upande wa chini pia. Jioni mdogo wake alishuka aking'aa hadi sakafuni. Lango zima likawa rangi ya chungwa, na kibao kikasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, herufi kwa herufi. Hakuna aliyekishusha.

"Dada, bosi kasema usionekane tena hapa," mlinzi alimwambia.

"Mwambie kila jioni nitakuja kukagua kazi yangu."

Akasubiri mdogo wake ashuke mara moja zaidi, akakusanya koleo zake.