Tundu la Hewa Lililobaki Wazi

Kosa ni langu, niliseme kabisa kabla hamjaanza kunionea huruma. Nilisafisha kichomeo cha gesi, nikarudisha mrija wake huku napiga soga, tundu la hewa nikaliacha wazi.

Maabara yetu ya hospitali ina mazoea yake: anayesafisha ndiye anayefunga tundu, anayewasha hakagui. Na aliyewasha ni mke wa marehemu kaka yangu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya sisi wote. Alikuwa anachoma kitanzi cha waya mpaka kinakuwa chekundu, kikipoa anachota usaha wa mgonjwa na kuupanda kwenye kisahani ili vijidudu viote, mkono hautikisiki. Vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vinalisha watoto wa kaka.

Siku hiyo nilizibua pua ya kichomeo kwa sindano, nikapangusa masizi, kikang'aa.

"Shemeji, kiwashe. Kimependeza kama bibi harusi."

"Na wewe kwa maneno! Siku moja utakioa."

"Nimeshaposa. Wakwe wamenikataa."

"Wana akili zao," akasema, akafungua gesi kidogo, akawasha. "Niangalizie, nachukua visahani kwenye friji."

Nikaitikia vizuri tu. Halafu akapita mfagizi, nikamgeukia na kichekesho kingine. Kwa lile tundu nililoliacha wazi, hewa ilikuwa nyingi, gesi ndogo. Moto ukarudi ndani, ukawa unawaka chini ndani ya mrija, mahali usipoonekana, chuma chake kikiiva. Huwa unapiga mluzi ukiwa huko. Mimi nilikuwa nasikiliza kicheko cha mfagizi.

Shemeji akarudi. "Mbona umezimika? Mlinzi gani wewe?" Akaushika mrija kwa vidole vyote, auzungushe afunge tundu.

Sitaieleza harufu. Nilifunga koki, nikamkimbiza kwenye bomba, nikaushikilia mkono wake kwenye maji. Yeye ndiye aliyekuwa ananiambia mimi nitulie.

Ngozi imefunga. Vidole vimejikunja kuelekea kiganjani, na hapo vimekaza. Mtaalamu wa mazoezi ametuambia tusitegemee sana, kisha akajifanya anatafuta kalamu. Mkuu wa maabara ameweka mtu mwingine. Simlaumu, wagonjwa wanasubiri majibu. Nilimwambia kosa ni langu, akasema anajua, akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Jioni nikitoka kazini napitia kwa shemeji. Namlowekea mkono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, navuta kidole kimoja kimoja, pole pole. Mwanzoni alikuwa ananitukana, nikafurahi sana. Sasa ananiachia mkono kama mtu aliyenipa mzigo nimshikie.

Leo nimemwambia kile kichomeo kimeachika, kinatafuta mchumba mwingine. Hata hakugeuka. Anatazama ukuta. Watoto wanakula chumba cha pili, na maji kwenye beseni yameshapoa.

"Shemeji, nyoosha kimoja tu. Hata hicho kidogo. Nyoosha nione. Shemeji?"