Mlango Umefungwa, Siri Iko Sokoni

Mama Tusekile, kiongozi wa huduma ya maombi katika kanisa dogo la mtaani kwao Tukuyu, anasinzia akiwa amepiga magoti, na msimcheke, kufunga kavu tangu asubuhi si mchezo. Mvua inapiga bati, wanawake wenzake wanaomba kwa kuugua, na yeye, kipaza sauti mkononi, anamuwaza mtu mmoja tu: Anyisile, fundi cherehani na mwanamaombi mwenzao. Kundi la maombi limepukutika kwa sababu mahitaji yanayoletwa hapa kuombewa yanafika sokoni kabla hayajafika mbinguni. Kuna mtu anavujisha. Na nani kama si Anyisile, ambaye nusu ya mji hukaa kwenye benchi lake kusubiri nguo? Kikulacho ki nguoni mwako. Amina ya leo ikishasemwa, Tusekile atamwondoa kundini mbele ya wote. Anainamisha kichwa, sakafu inalainika kama ugali ambao haujaiva, naye anazama polepole na kutokea barabarani.

Barabara haina mwanzo wala mwisho, inapanda na kushuka, na kila inaposhuka kuna mji, na kila mji ni Tukuyu ileile iliyogeuzwa kama kwenye kioo, soko upande wa kushoto badala ya kulia, kanisa na mlango wake wa bluu umefungwa kwa ndani. Anyisile anatembea mbele, mgongo tu unaonekana, na Tusekile anamnyatia, maana leo ni leo, atamkamata mdomo ukiwa wazi. Lakini Anyisile hasemi na mtu. Watu ndio wanaomsemesha, pole, jamani, pole. Pole ya nini? Tusekile anajibanza nyuma ya mikungu ya ndizi. Muuza mkaa anasema kumbe kijana wa Mama Gwakisa yuko mahabusu. Nani kakwambia wewe? anauliza Tusekile, maana hilo liliombewa juzi kanisani. Muuza mkaa anageuka, na hana uso, ni ngozi tupu kutoka paji hadi kidevu. Kitendawili, mama, anasema. Tega, anajibu Tusekile shingo upande. Mlango nimeufunga, siri imetokea juu. Hicho si kitendawili, ni ujanja wa kumkinga mwenzako. Sasa anawashuku wote, muuza mkaa, mbwa anayemtazama mno, hata mhudumu wa kanisa lake mwenyewe aliyesimama njia panda, naye hana uso. Mhudumu anamwambia, anayefumba macho haoni nani anamsikiliza. Mmepangana nyie, anafoka Tusekile, anashika njia, na njia inamrudisha sokoni palepale.

Ndipo sauti inashuka kutoka mapaani. Ee Bwana, mkumbuke binti yako Anyisile, ambaye mumewe amehamia kwa mjane wa ng'ambo ya mto, na yeye analala na machozi. Soko zima linasimama kusikiliza. Tusekile anapandwa na hasira, kwa kuwa hilo Anyisile alimwambia jana, wawili tu, chumbani. Sauti ni nzito, tamu, inajua mahali pa kupanda na pa kushuka. Shetani huiga, anajiambia. Kisha sauti inakohoa, kikohozi kikavu anachokijua kooni mwake. Anainua macho. Juu ya kanisa kuna spika mbili zimeelekezwa sokoni, zile alizozipigania yeye mwenyewe ili mji umsikie Mungu. Anyisile anageuka, na uso anao, umechoka. Umeniombea vizuri, mama, anasema. Hata muuza mkaa ananionea huruma. Aibu inamshika Tusekile, aibu ya kweli, anatamani ardhi impasukie, na ardhi inapasuka.

Anafumbua macho. Magoti yanauma. Kipaza sauti kiko mdomoni, taa yake inawaka, na hajui kama alikuwa kimya ama alikuwa akinena. Wanawake wameacha kuomba, wanamkodolea macho. Anyisile yuko ubavuni pake, mashavu yamelowa. Nimesema nini? anamnong'oneza, na mnong'ono wenyewe unatoka nje, unazunguka mji, unarudi na mvua. Mkono wake unakimbilia swichi. Anyisile anaushika.

Usizime, mama. Ya mume wangu wameshayasikia. Sasa malizia, waisikie na amina.

Tusekile anakirudisha kipaza sauti mdomoni, lakini hana hakika kama wanaongoja huko nje ni watu wa mji huu au wa ule wa ndotoni.