Kila Mlango na Fremu Yake

Nilifika mapema mno, hata mlinzi alikuwa bado anafunga mkanda wake. Nilivaa gauni langu la heshima na simu nikaizima, maana mahakamani simu ikilia unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa. Siku hiyo hakimu angeamua mtoto wa dada yangu na mumewe, wote marehemu, alelewe na nani: mimi niliye mama yake mdogo, au baba yake mdogo. Tangu msiba alikuwa kwa bibi yake mzaa baba, na bibi sasa hajiwezi.

"Mahakama ya Watoto iko wapi leo?" nilimwuliza mlinzi. Mara ya kwanza tulisikilizwa ghorofani. Jengo lile la kale lilikuwa linakarabatiwa huku likiendelea kuhudumia watu, kwa hiyo ofisi zilihamahama kama paka na watoto wake.

"Imerudi chumba chake cha zamani, hukuhuku chini. Soma vibao milangoni tu, dada."

Kusoma najua. Nikaingia kwenye korido yenye vumbi la chokaa, turubai huku, vyuma vya jukwaa kule, makarani na mafaili yao wakipishana na mafundi na ndoo zao. Milango ilikuwa imerudishwa mwisho wa wiki baada ya kupigwa msasa, mizito, vanishi inang'aa. Mmoja ulikuwa na kibao cha shaba: MAHAKAMA YA WATOTO. Nikaketi kwenye benchi mbele yake, roho ikatulia.

Haikutulia sana. Alitoka mzee mwenye ramani kwapani. Ramani na mahakama ya watoto wapi na wapi? Wakaja bwana na bibi harusi, wakaingia mlango ulioandikwa NDOA, wakatoka palepale.

"Mna mafagio tu!" bibi harusi alisema. Bwana harusi akaanza kucheka, akatupiwa jicho, akaacha.

Nilianza kujiuliza kama ni mimi nimechanganyikiwa au ni dunia. Nikagonga mlango wangu. Mwanamke mwenye miwani akachungulia.

"Kiwanja chako namba ngapi?"

"Sina kiwanja. Nina mtoto."

"Mtoto wako ana kiwanja?"

"Ana miaka saba!"

"Basi subiri nje, anayehusika na mirathi bado hajafika." Akafunga.

Mirathi? Dada yangu hakuacha hata kigoda. Damu ilinichemka, lakini nikajizuia, maana nani anataka kumpa mtoto mtu mgomvi? Juu yetu keekee ilikuwa inatoboa ukuta, kelele zinaingia mpaka kwenye meno. Nikashikilia mkoba wangu, nikatulia kama nilivyoambiwa.

Ndipo akapita mume wangu, patasi mkononi. Ni seremala kwenye ukarabati ule. Milango ya serikali anaibembeleza, wa choo chetu nyumbani tunauzuia kwa ndoo.

"Mke wangu! Unafanya nini Ofisi ya Ardhi?"

"Ardhi gani? Kibao hicho hukioni?"

Akatabasamu kwa fahari, nami nikajua somo linakuja. "Sikia. Zamani kuna watu walihamisha milango, wakaifunga ovyo. Nyuma ya kila mmoja nimekuta alama ya patasi, na kwenye fremu yake ipo ileile. Sasa kila mlango umerudi kwenye fremu yake ya asili. Bawaba hazilii hata kidogo."

"Na vibao?"

"Viliwekwa baada ya milango kuhamishwa, na sasa kibao ni sehemu ya mlango. Msanifu hataki tuguse hata skrubu moja. Tungebandika karatasi, ila vanishi haijakauka..." Hakumaliza. Alinitazama, akatazama kibao, tabasamu likamkauka usoni. "Hujaingia kwa hakimu?"

"Wako wapi?"

"Pale kwenye kona."

Nilikimbia na gauni langu la heshima, nikapita chini ya ngazi ya mpaka rangi. Mlango wa kwenye kona ulikuwa na kibao cha RAMANI NA VIWANJA. Nikausukuma bila kubisha.

Hakimu alikuwa anaandika. Baba mdogo alikuwa amesimama, kofia mkononi. Yeye alikutana na karani getini akamfuata tu, na mtoto aliletwa na afisa wa ustawi kwa mlango wa nyuma. Makarani nao waliingia kwa mazoea. Nani husoma mlango wa nyumbani kwake?

"Tumekuita mara tatu," hakimu alisema.

"Nilikuwa hapo nje, mheshimiwa. Kwenye kibao chenu."

Mume wangu akaeleza huku akihema. Hakimu akainuka, akaenda kuutazama mlango wake mwenyewe, akarudi ameshika kichwa. Watu wakacheka, hata baba mdogo, ambaye si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mama huyu hana kosa," hakimu akasema. "Nafuta niliyoandika. Nitamwuliza mtoto upya." Akamwinamia. "Mwanangu, mara ya kwanza ulisema unataka kukaa na mama mdogo. Leo umesema baba mdogo. Sasa wote wapo. Unataka nani?"

"Baba mdogo," akasema.

"Kwa nini?"

"Tulipoitwa, yeye alikuwepo."

Nikapiga magoti mbele yake pale sakafuni. Wote mle ndani walikuwa wameshaielewa habari ya milango, isipokuwa yeye. Nikamshika mikono, nikajaribu kuieleza kwa lugha ya mtoto. Niliona ninavyojichanganya, alama, fremu, vibao, mpaka nikaacha yote.

"Nilikuja, mwanangu. Nilikuja mapema kuliko wote. Nilikuwa hapo nje tu."

Akanitazama bila hasira yoyote.

"Hata mama alisema anatoka hapo nje tu," akasema, akatoa mikono yake mikononi mwangu taratibu.

Hakimu alirudi kwenye kiti chake. Akachukua kalamu.