Ndoo ya Tisa

Kazini waliniita Milioni, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyostahili. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mayai ya chaza katika kituo cha kuwazalisha. Jike akitaga, mayai yake yaliwekwa kwenye ndoo yake peke yake. Mimi nachota tone, naliweka chini ya hadubini, nahesabu, nazidisha, naandika daftarini. Jike wa mayai milioni nne nilimshangilia kama timu yangu imefunga bao. Jike wa mayai machache nilimwita mvivu.

Kejeli zangu hazikuishia kwa chaza. Bi Mwani, mama wa makamo, ndiye aliyeotesha mwani wa kuwalisha vichanga wetu wa chaza, ule mdogo kabisa ambao kwa macho unaona maji ya kijani tu kwenye chupa. Alikuwa na binti mmoja. Mimi ninao watano. "Bi Mwani," nilikuwa nikimwambia tukinywa chai, "ungekuwa chaza, ningekuandikia sifuri." Alikuwa akicheka na kunisogezea sukari. Naona aibu hadi leo nikiikumbuka ile sukari.

Siku moja majike tisa walitaga kwa mkupuo. Daktari, mkuu wetu, alikuwa ameagiza kila ndoo ihesabiwe na mayai yake yapimwe upana. Ndoo ya tisa niliichungulia mara moja tu. Mayai machache, tena makubwa, yamejaa mafuta hadi yameiva rangi. Nikayaona kituko. Ndoo ya tatu ilikuwa inaelekea kuvunja rekodi yangu na nilikuwa na hamu ya kuirudia, isitoshe nilihitaji ndoo tupu. Basi nikaimwaga ya tisa kwenye sinki, nikaandika: "Yameharibika." Nilipogeuka, Bi Mwani alikuwa mlangoni na chupa zake mikononi.

Hata wiki haijaisha, kiyoyozi cha chumba cha mwani kikagoma, joto likapanda na mwani ukachacha. Chupa zote ziligeuka kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa siku nne vichanga waliokwisha kuanguliwa hawakuwa na chakula. Ndoo zangu za mamilioni zikafa moja baada ya nyingine, kukabaki vumbi jeupe chini.

Daktari akatuita ofisini kwake, mimi na Bi Mwani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Jike ana akiba yake, haiongezeki," alisema. "Akitaga mengi, kila yai linapata mafuta kiduchu, na kichanga akitoka ni lazima ale upesi. Akitaga machache, kila moja linaondoka na masurufu ya safari. Nilitaka kujua kama tunaye jike wa namna hiyo. Njaa hii ingetuonyesha." Akafungua daftari. "Ndoo ya tisa. Yaliharibikaje?"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Labda ndoo ilikuwa na sabuni."

Kuosha ndoo ilikuwa kazi ya Bi Mwani. Nililijua hilo kabla sijafunga mdomo.

Bi Mwani alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. "Huenda sikusuuza vizuri, Daktari. Nisamehe."

"Kwanza mwani, sasa ndoo," Daktari alisema polepole. "Bi Mwani, mwisho wa mwezi tuagane kwa wema."

Nilimwacha mwanamke mzima abebe uchafu wangu, na sikukohoa hata kidogo.

Nilimfuata kwenye sinki. Alikuwa anasugua chupa zilizochacha kwa brashi, moja moja.

"Uliniona namwaga," nikamwambia. "Mbona hukunitaja?"

"Wewe una watoto watano, baba. Mkubwa yuko darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi. Wangu keshasoma, ana kazi yake. Juzi tu kanipigia simu, anataka niache haya machupa nikakae kwake. Mimi nikitoka hapa, halali mtu njaa." Akaigeuza chupa, maji yakachuruzika. "Yule nilimpa vyote nilivyokuwa navyo. Na havikuwa vingi, ujue."

Hakuwa ananisuta, na hapo ndipo paliponichoma. Miaka yote ile nimemtania kwa kitu alichokifanya kwa jasho lake, naye ananisogezea sukari.

Nikarudi kwa Daktari. Nikabisha hodi, nikamwambia yote: sinki, sabuni ya uongo, Bi Mwani mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisukumia daftari na kalamu.

"Rekebisha mwenyewe. Halafu kamwite Bi Mwani nimwombe radhi, na wewe ukiwepo. Habari yako tutaizungumza kesho."

Nikakata lile neno. Nikaandika: "Niliyamwaga mimi, yakiwa mazima." Herufi zilipinda kama za mtoto wa chekechea.

"Na idadi?" Daktari aliuliza.

Nikatazama safu ya idadi. Mistari minane ya juu ilijaa mwandiko wangu mzuri, mamilioni kwa mamilioni, yote yamekufa. Mbele ya ndoo ya tisa palikuwa patupu.

"Sikuyahesabu," nikasema.